Picha ya Mbavu za Joël

Kioo cheusi cha Bénédicte kilivunjika Jumanne, siku tano mbele ya ibada ya milango. Kilimteleza mkononi akikifuta vumbi, kikaanguka juu ya kile kipande cha reli wanachopigia vyuma, kikawa vipande vitatu. Ninaanza hapo kwa sababu watu wa Rubondo, upande wetu wa kambi ya wakimbizi, wanaianza habari hii pengine. Wanaanza na mtoto wangu mwenyewe, kwamba msichana alitafuta nini katika kazi ya moto. Mimi nilikuwepo, najua ilianzia wapi.

Bénédicte ni mtoto wangu wa tatu na ndiye aliyebaki. Wawili wa kwanza tuliwazika Fizi, kule Congo, kabla ya kukimbilia Uganda. Shirika moja lilipokuja kufundisha vijana ufundi, wasichana wote waliandikisha ushonaji, yeye akaandikisha kuchomelea vyuma. Nilimwuliza sababu. Akasema, "Mama, cherehani iko mingi mu kambi. Milango ya chuma iko kidogo." Nikaona ana akili. Baada ya mafunzo akachukuliwa na Venuste, Mrundi, mtu mpole mwenye ateliye, yaani karakana, pale Kashojwa. Wapita njia wakimwona amepiga magoti mbele ya cheche, maski usoni, walidhani ni kijana mwanamume, mpaka ainue maski. Hapo wanacheka, na yeye anacheka nao. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Ile maski ina kidirisha kidogo kama bahasha, na ndani yake kuna vioo viwili. Cha mbele ni cheupe, kinazuia cheche tu. Cha nyuma ni cheusi kabisa, hata ukikielekeza juani unaona kiduara cha kijani, basi. Hicho ndicho kinacholinda macho, na hakilindi kwa weusi peke yake. Wakati ule sikujua hivyo. Nilijua tu kwamba kimoja ni cheusi, na kwamba giza ndilo linalosaidia.

Sasa milango. Kanisa letu lilikaa miaka minane na shiti la plastiki mlangoni. Mbuzi waliingia wakati wa maombi. Sisi bamama wa kanisa tulichanga mahindi na maharagwe ya mavuno mawili tukapata vyuma vya milango miwili, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya kanisa zima nikasema: kazi ataifanya Bénédicte wangu, na Jumapili ya Pentekoste tutaingia kwa milango yetu. Mchungaji mkubwa alialikwa kutoka Mbarara. Nilisema kwa sauti. Mungu alisikia, bamama walisikia, na Clémence, kiongozi wetu, aliandika katika daftari lake.

Jumanne hiyo Bénédicte akarudi nyumbani mapema, jua bado kali, maski mkononi.

"Mama, kioo imepasuka," akasema. "Papa Venuste ataenda Mbarara Jumatatu kununua vyuma. Ataleta ingine."

"Jumatatu ni nyuma ya ibada."

"Najua."

"Mulango imebakia nini?"

"Moja imeisha. Ya pili inabakia bawaba na pembe mbili. Kazi ya siku moja, moja na nusu."

"Na maski ya benzako?"

"Bienfait na Niyonshuti nao bako na kazi yabo. Batafanya na nini?"

Akaweka maski juu ya mkeka, akanywa maji. Kisha akasema kwamba angeweza kwenda Mbarara mwenyewe kesho yake, Jumatano, anunue kioo, arudi, amalizie mlango Alhamisi na Ijumaa. Alisema hivyo. Nataka ieleweke kwamba alisema hivyo. Mimi ndiye niliyeona siku moja ni nyingi. Niliona gari linaharibika njiani, mvua inanyesha, Clémence anafungua daftari lake.

Nikaingia ndani nikafungua sanduku.

Mume wangu Joël alikufa kwa kifua. Mbele ya kufa alipelekwa hospitali Mbarara, wakampiga eksirei, ile ambayo kwetu Congo tunaita radio, akarudi nayo nyumbani, na alipofariki nikabaki na nguo zake na hiyo picha. Picha zetu za harusi zilibaki Fizi. Basi ile karatasi nyeusi inayoonyesha mbavu zake, na moyo kama kivuli upande mmoja, ndiyo picha pekee niliyokuwa nayo ya mume wangu. Niliiweka chini ya kitenge nilichoolewa nacho. Siku nyingine niliitoa nikaielekeza dirishani, nikamwangalia.

"Béné," nikasema, "unakumbuka ile siku mwezi ilifunika jua?"

"Nakumbuka. Baba alitushikia picha yake pale inje, tukaangalia moja moja."

"Macho iliuma?"

"Hapana."

"Na wewe uliangalia jua yenyewe. Sasa kama inazuia jua ya Mungu, moto ya Venuste ni nini?"

Aliichukua picha kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika mkate wa Meza ya Bwana.

"Mama, hii ni ya Baba."

"Baba yako angekatala?"

"Hapana. Baba hakukuwa mutu wa kukatala."

Mkasi niliushika mimi. Sikukata penye moyo. Nilikata chini, kwenye mbavu, nikapima kwa kile kioo cheupe, nikakunja mara mbili ili giza liongezeke. Tukaitia katika kidirisha, ikakaa vizuri kama iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kisha nikaweka mkono juu ya maski nikaomba. Nilisema, Bwana, wewe uliyemwumba Joël ubavu kwa ubavu, mfanye akinge macho ya mtoto wake. Bénédicte akasema amina.

Jumatano akajaribu. Akarudi anacheka, mikono imejaa masizi. "Mama, inaonyesha muzuri kuliko kioo. Ile kioo ilikuwa giza sana, nilikuwa napapasa tu. Sasa niko naona chuma vile inayeyuka, kama asali."

Alhamisi usiku macho yalimwuma kama yametiwa mchanga. Wachomeleaji wote wanayajua maumivu hayo. Wanakata kiazi mviringo, wanaweka vipande juu ya kope, wanalala, asubuhi yamekwisha. Na kweli asubuhi yalikwisha. Akaenda kumalizia.

Jumapili tuliingia kwa milango yetu. Ilikuwa imepakwa rangi ya buluu, na juu ya kila mmoja Bénédicte alikuwa amechomelea msalaba, kazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Mchungaji mkubwa aliifungua na kuifunga mara mbili kusikiliza kama inalia. Haikulia. Akauliza fundi ni nani, na mtoto wangu akasimama katikati ya bamama amevaa gauni lake jeupe, watu wakapiga vigelegele. Nilijivuna. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Venuste alipokwenda Mbarara ile Jumatatu, Bénédicte alimwambia asilete kioo, kwamba amepata kitu bora. Kazi ilikuwa nyingi. Shule moja ilitaka madawati, yeye na wenzake wawili wakachomelea miguu ya madawati asubuhi hadi jioni, wiki nne. Na Bienfait, ambaye ni Mkongo mwenzetu mwenye maneno mengi, alipochungulia katika maski ya Bénédicte akaitaka na yeye. Kioo chake kilikuwa kimejaa matone ya chuma, haoni vizuri. Alinifuata mpaka nyumbani.

"Mama Béné, na mimi unikatie kidogo ya muzee."

"Muzee ataisha, Bienfait."

"Kidogo tu. Hata ya bega."

Nikamkatia. Na Niyonshuti, yule Mrundi mkimya, ambaye hakuomba chochote, nikamtumia kipande chake kwa mkono wa Bénédicte, maana sikutaka aonekane ameachwa. Bienfait akawa anamtania Venuste kwamba mume wa Mama Béné sasa ni fundi mkubwa kuliko yeye, anatumika ku maski tatu siku moja. Nilicheka. Jioni nikimshukuru Mungu nilimshukuru na kwa hilo, kwamba Joël aliyekufa amelala bila nguvu za kuinua kikombe, bado anawafanyia watu kazi.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Mume wangu alikuwa ananitania kwamba kuku wa jirani akipoteza unyoya mimi ninajua ni lini. Lakini kwa mtoto wangu nilichelewa kuona, au niliona jambo nikalipa jina lingine.

Kwanza ilikuwa maharagwe. Alichambua sahani nzima, na nilipokula nikauma jiwe, na tena jiwe. Nikasema amechoka. Halafu akampita Clémence njiani bila kumsalimu, Clémence akaja kunishtaki kwamba milango imempandisha binti kichwa. Nikamgombeza. Akasema, "Mama, sikumuona." Nikasema, "Mutu munene vile hukumuona?" Tukacheka wote wawili.

Kisha Biblia. Jioni kabla jua halijazama tunasoma, yeye anasoma na mimi nasikiliza, kwa kuwa maandishi madogo yananitoroka tangu zamani. Tulikuwa katika Zaburi. Alisoma mstari mmoja, akakosa neno la katikati. Nikadhani ameruka. Mstari wa pili akakosa tena, na pale alipokosa aliweka neno lake mwenyewe, linalofanana. Zaburi ile naijua kwa moyo. Nikamwacha aendelee, nikimtazama. Alikuwa hashiki kitabu mbele yake tena. Alikishika pembeni, karibu na sikio, na kichwa amekigeuza kama kuku anayeangalia punje.

"Béné. Uko nafanya nini na kitabu?"

Akakifunga.

"Tangu siku gani?" nikamwuliza.

"Wiki mbili. Kuko doa, Mama. Pale naangalia, ndiyo fasi kunapotea. Nikiangalia herufi, herufi inatoka. Ya pembeni inabakia."

"Na mimi?"

Akainua uso akanielekea. Nilingoja.

"Nakuona kitambaa ya kichwa," akasema. "Na mabega."

Mbarara tulikwenda Alhamisi iliyofuata. Njia yote alikaa na macho yamefungwa, nami nikiomba bila kutoa sauti. Kliniki ya macho tuliyoelekezwa iko upande wa Kakiika, nyumba safi yenye ua mdogo, na daktari ni mama wa Kinyankore wa umri wangu, anazungumza Kiswahili kama cha askari lakini kwa upole. Alimtia Bénédicte dawa ya kufungua mboni, akamwangalia kwa taa na kioo kidogo, jicho moja, jingine, tena la kwanza. Akampa karatasi iliyochorwa vyumba vidogo vidogo, na nukta katikati.

"Funga jicho moja. Angalia hiyo nukta. Unaona?"

"Nukta gani?"

Daktari akaandika kitu. Kisha akavuta kiti akakaa karibu nasi.

"Wewe nafanya kazi gani?"

"Kuchomelea vyuma."

"Na nafunika macho na nini?"

Bénédicte akatoa maski mfukoni, yaani katika mfuko wa sokoni tuliokuja nao. Daktari akachomoa kile kipande kilichokunjwa, akakikunjua, akakielekeza dirishani. Kutoka pale nilipokaa niliziona mbavu, tatu, nyeupe, na mwanga wa mchana ukipita ndani yake.

"Bambi," akasema daktari polepole, kama mtu anayetoa pole. "Hii ni ya nani?"

Nilifungua mdomo. Bénédicte akanitangulia.

"Niliokota," akasema. "Ku takataka."

Nikafunga mdomo.

Daktari alieleza, na alieleza vizuri, maana hata mimi wa shule ya msingi nilielewa. Moto ule una mwanga unaoonekana, una na mwingine ambao jicho halioni lakini unaunguza vilevile. Kioo cheusi cha kuchomelea kimetengenezwa kiwandani kizuie yote miwili, ndiyo maana kina namba yake. Karatasi ya eksirei inapunguza ule unaoonekana peke yake. Jicho linadanganyika, linadhani giza limeingia, linajifungua kabisa kama mtu anayefungua dirisha jioni apate hewa, na moto unaingia mpaka nyuma, mahali tunaposomea, mahali tunapotambulia uso wa mtu. "Na hapa penye mifupa," akasema akigusa ubavu mmoja kwa ukucha, "hapa ni peupe. Hapa hata ile kidogo haizuii. Alikuwa naangalia moto kama mtu bila kitu."

Hapa penye mifupa. Nilikuwa nimeacha moyo, nikachagua mbavu.

"Dawa iko?" Bénédicte akauliza.

"Kwa kuungua kama hii, dawa hapana. Wengine inarudi kidogo yenyewe, kwa miezi. Wengine hapana. Wewe ulirudia siku mingi. Kazi ya moto wacha. Urudi hapa kila mwezi, mimi naangalia."

Akaandika tena. Bila kuinua kichwa akauliza, "Huko kambi, iko wengine natumia hii karatasi?"

Bénédicte aligeuza uso upande wangu, na mimi nilijua haoni uso wangu, anaona kitambaa cha kichwa. Aliniachia mimi nijibu. Nilikuwa na majina mawili mdomoni. Lakini nikiyasema yale, daktari atauliza waliipata wapi.

"Sijui," nikasema.

Jioni bamama walikuja kuomba nyumbani kwetu, wamekwisha kusikia ile habari ya takataka. Walijaa chumbani, wengine wakakaa nje. Clémence aliongoza. Ana sauti nzuri ya maombi, watu wanalia akianza. Aliomba Mungu amrudishie Bénédicte macho, kisha akaomba Mungu amsamehe binti huyu uzembe wake, kwa kuwa aliokota takataka akaweka machoni, na asamehe kiburi cha mwanamke kushika kazi ya wanaume, na kila mama aliyepo ajifunze kumwangalia mtoto wake kama Mama Béné alivyojitahidi kumwangalia wake. Kila alipotua, wote tulisema amina. Bénédicte alikuwa amekaa juu ya mkeka, kichwa chini, na yeye akasema amina. Na mimi nikasema.

Walipoondoka alilala. Mimi sikulala. Nilikuwa nimezoea kuomba mpaka usingizi unichukue, lakini usiku ule kila nilipoanza nilisikia amina yangu. Nilikuwa nimemwambia Mungu, mbele ya watu kumi na watano, kwamba mtoto wangu ana kosa. Na kule Kashojwa, asubuhi ikifika, Bienfait atavaa maski, na Niyonshuti atavaa maski.

Nilitoka mapema. Nilipofika jenereta ilikuwa imeshawashwa na Venuste alikuwa anapanga vyuma. Kulikuwa na wateja wawili wakingoja, na Élyse, mama anayeuza chai pale, Mrundi. Niyonshuti alikuwa tayari amepiga magoti. Nilipiga kelele azime. Mimi si mtu wa kelele, basi wote waligeuka.

"Mama Béné, kuna nini?" akauliza Venuste. "Mtoto vipi? Daktari alisema nini?"

"Azime kwanza."

Jenereta ikazimwa. Nikasema. Nilisema nimekaa juu ya rundo la vyuma. Nilisema picha ile haikuokotwa kama Bénédicte alivyomwambia daktari, ni ileile ya mume wangu wanayoijua, niliikata mimi kwa mkono wangu, Bénédicte alitaka kwenda Mbarara kununua kioo mimi nikakataa kwa ajili ya ibada. Kwamba amepoteza katikati ya macho yake. Kwamba jana daktari aliniuliza kama kuna wengine nami nikasema sijui, na wao walikuwepo hapa siku nzima wakichomelea.

Bienfait ndiye aliyeongea wa kwanza, na alijaribu kucheka.

"Sasa Mama, umekuja kunyanganya zawadi? Mi niko naona muzuri. Naona hata deni ya Élyse fasi ameificha."

"Toa, Bienfait."

"Macho yangu haina shida."

"Toa."

Alitoa. Ukutani kulikuwa na namba ya simu ya Venuste, imeandikwa kwa rangi nyekundu, kubwa. Nikamwambia afunike jicho moja kwa kiganja, aangalie tarakimu ya katikati, asome zote bila kusogeza jicho. Akasoma. Jicho la pili akasoma. Akashusha mkono akapumua. Venuste akamwambia ashukuru uvivu wake, kwamba nusu ya wiki hizo nne alikuwa anapiga soga na wateja.

Niyonshuti alikuwa amesimama nyuma, kipande kiko mkononi tayari, amekikunja kidogo sana. Alifunika jicho la kushoto. Akasoma. Akafunika la kulia.

"Soma, ndugu," Venuste akasema.

Akasogeza kichwa kidogo, akarudisha. Akaondoa kiganja, akakirudisha tena.

"Katikati kuna kama moshi," akasema.

Élyse akaweka birika chini. Niyonshuti ana mke na watoto wadogo watatu, na hakuwa ameomba ile karatasi. Mimi nilimtumia ili asione ameachwa. Alinitazama, sina hakika kwa jicho gani, akaniuliza kwa adabu kama mtu anavyomwuliza mama yake:

"Mama, inapona?"

Nilitaka kumwambia inapona. Nilikuwa na maneno yote ya faraja, nimeyasema vitandani kwa wagonjwa miaka mingi.

"Daktari alisema kwa wengine inarudi kidogo," nikasema. "Kwa wengine hairudi. Usichomelee tena. Nenda leo."

Venuste alifunga ateliye. Aliwaambia wateja warudi juma lijalo, akamshika Niyonshuti kiwiko akaondoka naye kuelekea barabara ya magari. Hakunitukana. Alipopita karibu yangu alisimama tu akasema, "Mimi ndiye mwenye ateliye, mama. Na mimi niliona ile karatasi." Kisha akaenda. Bienfait alibaki amekaa mlangoni, akigeuzageuza maski yake tupu mkononi.

Kutoka pale nilipita kwa Clémence. Alikuwa anaanika mihogo. Nikamwambia maombi yake ya jana hayakuwa ya kweli, na amina yangu haikuwa ya kweli, nikamweleza. Aliendelea kupanga mihogo mpaka nilipomaliza.

"Kwa nini hukusema mbele ya bamama?" akauliza.

"Niliogopa."

"Jumapili utasema?"

"Nitasema."

Akaitikia kwa kichwa. Hakunikaribisha kuketi, nami sikungoja.

Nilipofika nyumbani Bénédicte alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, anapukuchua mahindi. Kazi hiyo haimhitaji aone. Habari zilikuwa zimenitangulia, kambini habari hazitembei kwa miguu yetu. Hakuinua kichwa.

"Umebaambia," akasema.

"Nimebaambia."

"Mi nilikuficha, Mama. Ku daktari nilikuficha. Ningekuficha siku zote."

"Najua."

"Sasa batasema ulichoma mutoto yako."

"Ni kweli nilichoma."

Punje zikaendelea kuanguka ndani ya beseni. Nilikuwa nimesimama karibu naye, sijui niketi wapi katika uwanja wangu mwenyewe.

"Na Niyonshuti?" akauliza.

"Jicho moja. Venuste amemupeleka leo."

Mikono yake ikasimama. Gunzi lilibaki katika kiganja. Nilidhani atalia, na kama angelia ningejua la kufanya. Hakulia.

"Ungesema jana," akasema mwishoni. "Pale pale, daktari alipouliza. Angekuwa ameenda jana."

"Ndiyo."

"Siku moja tena, Mama."

"Ndiyo."

Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikumwomba, maana angenipa haraka, ndivyo alivyo, na ningejua ameniokoa mara ya pili. Alitikisa maganda kwenye gauni. Kisha akageuza uso kunitafuta, akakosa, akageuza tena.

"Songa kidogo," akasema. "Hapana, upande huu. Simama pale ku mulango."

Nilisogea mpaka mlangoni. Macho yake yalielekea ukutani, mkono mmoja kutoka sikio langu, yakatulia hapo kama yanasoma kitu kwenye udongo. Nikaelewa kwamba ananiangalia kwa pembeni.

"Usitikisike."

Sikutikisika. Jua lilikuwa linanipiga usoni, na nzi mmoja alitua mkononi mwangu nikamwacha.

"Umekonda, Mama," akasema.

Akarudi kwenye mahindi yake, lakini uso aliuacha vilevile, umeelekea ukutani, nami nikabaki nimesimama palepale mlangoni.